Salmon Chase: Wakili wa Watumwa Watoro Aliyefika Katika Hazina na Kiti cha Jaji Mkuu

Katika Marekani ya karne ya 19, mtu aliyetaka kuingia katika siasa kwa kawaida alianzia katika uwakili, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomzoesha kusema mbele ya watu, iliyomjulisha kwa wafanyabiashara na wakulima wa wilaya yake, na iliyomruhusu kuziacha shughuli zake kwa miezi kadhaa bila kufilisika. Salmon Portland Chase, aliyezaliwa tarehe 13 Januari 1808 huko Cornish, katika jimbo la New Hampshire, aliifuata njia hiyo mbali zaidi kuliko wenzake wengi, kwani alikuwa wakili, akawa seneta, akawa gavana wa jimbo la Ohio kwa vipindi viwili, akawa waziri wa fedha wa Rais Abraham Lincoln wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akafa akiwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Wanaomkumbuka humkumbuka zaidi kwa mambo ya fedha, maana sura yake ilichapwa katika noti za kwanza za serikali yake na jina lake lingali limebandikwa katika benki kubwa. Hata hivyo, kinachoyafanya maisha yake yastahili kusomwa ni hoja moja ya kisheria aliyoanza kuitetea kabla hajatimiza miaka 30, ambayo alishindwa nayo mahakamani mara kwa mara, na ambayo hakuiacha katika ofisi yoyote aliyopewa.

Baba yake alifariki mwaka 1817, naye akapelekwa Ohio kulelewa na ami yake, Philander Chase, askofu wa Kanisa la Kiepiskopali, ambalo ni tawi la Kianglikana la Marekani. Malezi hayo yalikuwa ya ibada, kazi za shamba na adhabu nyingi, na watu waliomjua Chase ukubwani walieleza kwamba hakuupoteza kamwe ule ukavu wa mtoto aliyezoeshwa kujihoji kila jioni. Alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1826, akaenda Washington kufundisha shule, na huko akasomea sheria chini ya William Wirt, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo wakili hakulazimika kupitia chuo kikuu cha sheria. Alisoma vitabu katika ofisi ya wakili mzoefu, kisha akasailiwa na majaji, na Chase aliposhinda usaili wake mwaka 1829 alichagua kwenda kufanya kazi Cincinnati, mji uliokuwa ukikua haraka katika ukingo wa kaskazini wa Mto Ohio. Wateja walikuwa wachache mwanzoni, naye akaitumia nafasi hiyo kukusanya na kuhariri sheria zote za jimbo la Ohio katika majuzuu matatu, kazi ya kuchosha isiyokuwa na malipo ya maana, lakini iliyowafanya mawakili na majaji wa jimbo zima walijue jina lake.

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima kuuelewa mto huo. Marekani ni shirikisho la majimbo, na kila jimbo lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na gavana wake, huku serikali kuu ya Washington ikiwa na mamlaka yale tu iliyopewa na Katiba ya nchi. Sheria ya mwaka 1787 iliyoliweka chini ya utawala eneo la kaskazini ya Mto Ohio ilipiga marufuku utumwa huko, ilhali Kentucky, ng'ambo ya pili, ilikuwa jimbo la watumwa. Mtu mmoja alikuwa huru au mali ya mwenzake kulingana na ukingo aliosimama. Pamoja na hayo, Cincinnati haikuwa mji wa wapenda uhuru, kwa sababu mapato ya wauza nguruwe, wenye meli na wenye maduka yalitegemea wateja wa kusini, na katika Julai 1836 kundi la watu, wakiwemo wenye heshima zao, lilivunja mtambo wa kuchapia gazeti la James Birney lililopinga utumwa. Chase, ambaye hadi hapo hakuwa amejihusisha na harakati hizo, alisimama mlangoni mwa hoteli ambamo Birney alidhaniwa kujificha, akawazuia watu kuingia, na tangu wakati huo akahesabiwa upande mmoja.

Mwaka uliofuata ilikuja kesi ya Matilda. Msichana huyo alikuwa mtumwa wa mzungu wa Missouri aliyeitwa Larkin Lawrence, ambaye inaelezwa kuwa ndiye aliyemzaa. Walipokuwa wakisafiri kwa meli na kutia nanga Cincinnati, Matilda alishuka na kubaki mjini, akapata kazi ya ndani nyumbani kwa Birney, na akaishi hapo miezi kadhaa mpaka mtu aliyekodiwa kukamata watoro alipomkamata katika Machi 1837. Chase aliiomba mahakama itoe ile amri ambayo wanasheria huitumia kumlazimisha anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze kwa sheria gani anamshikilia. Alisema Matilda hakutoroka kutoka Missouri, bali aliletwa Ohio na bwana wake mwenyewe, na kwamba tangu dakika alipokanyaga ardhi isiyo na utumwa hapakuwa tena na sheria ya kumfanya mali ya mtu. Jaji aliikataa hoja hiyo, na Matilda akavushwa mto na kupelekwa New Orleans kuuzwa. Habari zake zinaishia hapo. Chase akauchapisha utetezi wake kama kijitabu, na huo ndio ukawa mtindo wake wa kudumu, kwamba kesi iliyoshindwa mbele ya jaji ipelekwe mbele ya wasomaji.

Hoja yenyewe ilikuwa na sehemu tatu zilizoshikamana. Kwanza, binadamu kwa asili ni huru, na utumwa hauwezi kuwepo mahali popote isipokuwa sheria iliyotungwa na watu wa mahali hapo imeuweka, jambo ambalo Lord Mansfield alikuwa ameligusa London mwaka 1772 alipoamua kuwa mtumwa Somerset hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu. Pili, kwa kuwa utumwa ni zao la sheria ya mahali, nguvu yake inakoma katika mpaka wa mahali hapo, kama sheria nyingine yoyote ya Kentucky inavyokoma ukingoni mwa mto. Tatu, serikali kuu haikupewa na Katiba mamlaka yoyote ya kumfanya mtu mtumwa au kumlinda anayemmiliki, kwani waandishi wa Katiba hiyo waliepuka kuliandika neno lenyewe, na marekebisho ya tano yanakataza mtu yeyote kunyang'anywa uhuru bila utaratibu wa sheria. Uzuri wa hoja hii ni kwamba haikuhitaji mapinduzi. Wapinga utumwa wengine, akiwemo William Lloyd Garrison wa Boston, waliiona Katiba kuwa mkataba na uovu na wakataka ikataliwe; Chase aliichukua Katiba ile ile na kuwaonyesha Wamarekani kwamba wangeweza kuuzingira utumwa kwa kuitii.

Mahakama hazikukubali. Mkulima mmoja, John Van Zandt, mzaliwa wa Kentucky aliyehamia Ohio, aliwapakia watu tisa katika gari lake la farasi usiku mmoja wa mwaka 1842, akakamatwa, na akashtakiwa na mmiliki wa watoro hao alipwe hasara. Kesi ilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani, ambako Chase na William Seward wa New York, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo, walimtetea bila kulipwa, na mwaka 1847 majaji walitoa hukumu dhidi yake kwa kauli moja. Van Zandt alifilisika na kufa mwaka huo huo. Kabla ya hapo Chase alikuwa ameshindwa pia kumwokoa Samuel Watson, mtumwa aliyechukuliwa kutoka katika meli iliyofungwa upande wa Ohio, lakini katika Mei 1845 watu weusi wa Cincinnati walikusanyika kanisani na kumzawadia jagi la fedha kwa shukrani. Katika hotuba yake ya kupokea zawadi hiyo alisema waziwazi kwamba kuwanyima watu weusi haki ya kupiga kura hakupatani na demokrasia, msimamo ambao wanasiasa wachache sana wa kizungu wangethubutu kuutamka hata miaka 20 baadaye. Jagi hilo aliliweka maisha yake yote.

Ohio yenyewe, ingawa haikuwa na utumwa, ilikuwa na zile zilizoitwa Sheria za Weusi, zilizomtaka kila mtu mweusi anayehamia jimboni aweke dhamana ya dola 500 na zilizomkataza kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Chase aliona kuwa hoja za mahakamani hazitoshi, akajiunga mwaka 1841 na chama kidogo cha Liberty, na mwaka 1848 akawa mmoja wa waanzilishi wakuu wa chama cha Free Soil kilichotaka ardhi mpya za magharibi zisiingizwe utumwa. Maseneta wakati huo hawakuchaguliwa na wananchi bali na bunge la jimbo, na mwaka 1849, bunge la Ohio lilipokuwa limegawanyika karibu sawa, watu wachache wa Free Soil waliuza kura zao kwa Wademokrati kwa bei mbili, yaani kufutwa kwa sehemu kubwa ya Sheria za Weusi na kuchaguliwa kwa Chase kuwa seneta. Wapinzani wake walisema ni biashara chafu. Ni haki kusema kwamba biashara hiyo iliwapa watu weusi wa Ohio haki ya kutoa ushahidi mahakamani, na ni haki pia kusema kwamba Chase alijiona yeye mwenyewe kuwa sehemu isiyoepukika ya kila jambo jema, tabia iliyomgharimu marafiki hadi mwisho.

Huko Washington, mwaka 1854, Stephen Douglas alipopeleka mswada wa kuwaachia wakazi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kama wataruhusu utumwa, Chase na wenzake wachache walitoa waraka wa kuwahadharisha wananchi, ambao ulichapwa katika magazeti ya kaskazini nzima na kuchangia kuzaliwa kwa chama cha Republican. Ni kwa tiketi ya vuguvugu hilo jipya alipochaguliwa, Oktoba 1855, kuwa gavana wa Ohio, wa kwanza wa chama hicho katika jimbo hilo.

Cheo cha gavana wa Ohio kilikuwa na heshima kubwa kuliko uwezo wake. Katiba ya jimbo haikumpa haki ya kuukataa mswada uliopitishwa na bunge, haki ambayo magavana wa Ohio waliipata tu mwanzoni mwa karne ya 20, na maofisa wengi wa juu wa jimbo walichaguliwa na wananchi moja kwa moja, hivyo hawakumwogopa. Gavana alikuwa na kalamu, hotuba na kikosi cha wanamgambo. Chase alivitumia vyote vitatu kwa uangalifu, akahimiza shule na taasisi za wagonjwa, na mwaka 1857, ilipogundulika kwamba zaidi ya nusu milioni ya dola zilikuwa zimepotea katika hazina ya jimbo, akamlazimisha mtunza hazina wa chama chake mwenyewe ajiuzulu siku chache tu baada ya habari kujulikana. Hatua hiyo ilimsaidia kushinda tena uchaguzi wa mwaka huo kwa kura chache.

Lakini jaribio kubwa lilimkuta mapema kuliko hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1856, wiki mbili baada ya Chase kuapishwa, Margaret Garner, mtumwa wa Kentucky, alivuka Mto Ohio ulioganda barafu pamoja na mumewe, wazazi wa mumewe na watoto wao wanne. Walifika nyumbani kwa ndugu yao Cincinnati, na asubuhi nyumba ilipozingirwa na maofisa wa serikali kuu, Margaret alimchinja binti yake wa miaka miwili kwa kisu cha jikoni, akakusudia kuwaua na wengine ili asirudi nao utumwani. Sheria ya watoro ya mwaka 1850 ilimpa afisa wa serikali kuu mamlaka ya kuamua jambo hilo bila baraza la wazee wa mahakama, tena ikamlipa dola 10 akimrudisha mtoro na dola 5 akimwachia. Wakili wa Margaret alitafuta njia ya ajabu ya kumwokoa, akaomba ashtakiwe Ohio kwa mauaji, kwa sababu kesi ya mauaji ingemweka katika mamlaka ya jimbo lisilo na utumwa, na gavana angeweza kumsamehe.

Hapa ndipo wengi walimtarajia Chase awaite wanamgambo na kuwazuia maofisa wa Washington kwa nguvu. Hakufanya hivyo. Alisubiri mahakama, na mwisho wa Februari Margaret akavushwa na kurudishwa Kentucky; ndipo Chase akamwandikia rasmi gavana wa huko akidai mshtakiwa arejeshwe, gavana huyo akakubali, lakini mwenye mtumwa alikuwa akimhamisha Margaret kutoka mahali hadi mahali mpaka alipompakia melini kwenda kusini. Wendell Phillips, msemaji mkali wa wapinga utumwa, alimlaumu Chase hadharani kwa udhaifu. Lawama hiyo ina uzito, na hakuna maelezo ya kisheria yanayoweza kuufuta uchungu wa mkasa huu, ambao zaidi ya karne moja baadaye ulimpa Toni Morrison msingi wa riwaya yake Beloved. Ila msomaji aone pia kifungo ambacho Chase alikuwa amejifunga mwenyewe, kwamba mtu aliyetumia miaka 20 akidai kuwa wenye watumwa ndio wavunja Katiba asingeweza kuivunja yeye kwa bunduki bila kuipoteza hoja yake. Mwaka 1859, wakazi wa Oberlin waliomwokoa mtoro walipofungwa jela na mahakama ya juu ya Ohio ikakataa kuwatoa kwa kura 3 dhidi ya 2, gavana huyo alisimama mbele ya umati mkubwa Cleveland na kuwaomba wananchi waende kwenye sanduku la kura.

Alitaka urais mwaka 1860, akapata kura 49 tu katika duru ya kwanza ya mkutano wa chama huko Chicago, na Lincoln akateuliwa. Lincoln aliwaingiza washindani wake katika baraza la mawaziri, Seward akapewa mambo ya nje na Chase akapewa fedha, ingawa hakuwa na ujuzi wa benki zaidi ya ule wa wakili aliyewahi kuzitetea mahakamani. Alianza kazi Machi 1861. Mwezi uliofuata vita vikaanza.

Hali aliyoikuta inahitaji kuelezwa, kwa maana ndiyo iliyozaa mambo yanayokumbukwa. Marekani haikuwa na benki kuu wala noti za taifa. Fedha ya serikali ilikuwa dhahabu na fedha nyeupe, na noti zilizozunguka mikononi mwa watu zilitolewa na benki zaidi ya 1,500 zilizosajiliwa na majimbo, kila benki na mchoro wake, kiasi kwamba wafanyabiashara walinunua vijitabu maalumu vya kuwaonyesha noti ipi ni ya kweli, ipi ya bandia na ipi ya benki iliyokwisha kufa. Serikali ilikopa dola milioni 150 za dhahabu kutoka benki za New York, Boston na Philadelphia, lakini vita viliila dhahabu hiyo haraka, na tarehe 30 Desemba 1861 benki zilisimamisha malipo ya dhahabu. Wanajeshi walihitaji mishahara.

Bunge likaamua kuchapa noti zisizoweza kubadilishwa kwa dhahabu, ambazo kila mtu angelazimika kuzipokea kama malipo ya deni. Chase aliogopa. Aliamini, kama wanasheria wengi wa kizazi chake, kwamba Katiba iliipa serikali kuu uwezo wa kutengeneza sarafu, si wa kuigeuza karatasi kuwa fedha kwa amri, na alisitasita wiki kadhaa kabla ya kuiandikia kamati ya bunge kwamba, kwa masikitiko, jambo hilo limekuwa la lazima. Sheria ilipitishwa tarehe 25 Februari 1862, noti za dola milioni 150 zikatolewa kwanza na nyingine zikafuata hadi kibali kikafika milioni 450, na kwa kuwa mgongo wake ulichapwa kwa wino wa kijani wananchi wakaziita migongo ya kijani. Sura ya Lincoln iliwekwa katika noti ya dola 10. Ya waziri wa fedha katika ile ya dola 1, ambayo kila mpiga kura angeishika.

Noti hizo zilikuwa sehemu tu ya mpango. Chase alimpa Jay Cooke, mfanyabiashara wa fedha wa Philadelphia, kazi ya kuuza hatifungani, yaani hati za serikali za kukiri deni na kuahidi riba, hapa asilimia 6 kwa mwaka, na Cooke akawatuma maelfu ya mawakala mashambani na viwandani ili hata mtu mwenye dola 50 aweze kuikopesha serikali yake. Bunge lilianzisha kodi ya mapato mwaka 1861, ya kwanza katika historia ya nchi hiyo. Kwa sheria za mwaka 1863 na 1864 zilianzishwa benki za kitaifa, ambazo zilitakiwa kununua hatifungani na kuziweka rehani Washington, nazo zikapewa noti za aina moja za kutoa kulingana na thamani ya rehani hiyo, hivi kwamba benki ikifa mwenye noti asipoteze kitu. Utaratibu huu ndio alioujali zaidi, na ndio ulioondoa utitiri wa noti za majimbo. Hazina pia ilisimamia pamba iliyotekwa kusini, zao ambalo uhaba wake ulifika hadi Unguja, ambako nguo ya merikani iliyotegemewa katika biashara ya bara ilipungua miaka hiyo. Na katika visiwa vya South Carolina, ambako mabwana walikimbia na kuwaacha watumwa maelfu, Chase alimtuma wakili kijana kutoka Boston, Edward Pierce, kupanga shule na kazi ya mshahara kabla Rais hajatangaza ukombozi.

Deni la taifa lilipanda kutoka dola milioni 65 hivi mwaka 1860 hadi zaidi ya bilioni 2.6 vita vilipokwisha, lakini askari walilipwa na serikali haikufilisika, na katika baraza la mawaziri sauti yake ndiyo iliyoendelea kudai watumwa waachwe huru na wapewe silaha. Aliyaharibu mwenyewe mahusiano yake na Rais kwa kuruhusu wafuasi wake wamnadi kwa urais mapema mwaka 1864 akiwa bado waziri, na kwa kujiuzulu mara kwa mara kila alipokataliwa jambo. Tarehe 30 Juni 1864 Lincoln alikubali kujiuzulu kwake, jambo ambalo Chase hakulitazamia. Miezi mitano baadaye Rais huyo huyo alimteua kuwa Jaji Mkuu, kushika nafasi ya Roger Taney, aliyeandika mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani.

Hapo hoja ya Cincinnati ilipata kiti chake. Tarehe 1 Februari 1865, siku moja baada ya Bunge kupitisha marekebisho ya 13 ya kufuta utumwa, Jaji Mkuu Chase alimpokea John Rock wa Boston kuwa wakili wa kwanza mweusi kuruhusiwa kusimama mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 1867, akisikiliza kesi Maryland, aliamua kwamba msichana Elizabeth Turner, aliyefungwa na bwana wake wa zamani kwa mkataba wa uanagenzi siku chache baada ya ukombozi, alikuwa anarudishwa utumwani kwa jina jingine, akamwacha huru. Miaka 30 baada ya Matilda, hoja ile ile ilitoka mdomoni mwa jaji. Aliongoza kwa haki kesi ya Seneti dhidi ya Rais Andrew Johnson mwaka 1868, ambayo ilikosa kura moja tu ya kumwondoa madarakani. Mwaka huo huo, hata hivyo, aliruhusu jina lake litafutiwe urais kwa tiketi ya Wademokrati, chama ambacho kilikuwa kikipinga haki za watu weusi, na hilo ni doa ambalo sifa zake nyingine haziliondoi.

Mwishowe fedha zake zilimfuata mahakamani. Bibi Hepburn wa Kentucky alikuwa ameahidi mwaka 1860 kulipa dola 11,250 ifikapo tarehe 20 Februari 1862, siku tano kabla ya sheria ya noti, na baadaye akataka kulipa kwa noti hizo zilizokuwa na thamani ndogo kuliko dhahabu. Tarehe 7 Februari 1870 Chase alisoma hukumu ya majaji walio wengi, kwamba sheria hiyo ilivunja Katiba ilipowalazimisha waliokopesha kabla yake kupokea karatasi, na akakiri ndani ya hukumu kwamba ghasia za vita hazikuwaruhusu watu kufikiri kwa utulivu na kwamba wengine wamebadili mawazo. Aliyekuwa waziri aliyezitoa noti alikuwa jaji aliyezihukumu. Siku hiyo hiyo Rais Grant aliteua majaji wawili wapya, na tarehe 1 Mei 1871 mahakama iliigeuza hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4, Chase akiwa katika wanne.

Alifariki New York tarehe 7 Mei 1873, wiki chache baada ya kuwa jaji pekee aliyepinga uamuzi wa kumnyima Myra Bradwell leseni ya uwakili huko Illinois kwa kuwa ni mwanamke. Benki ya Chase, iliyoanzishwa mwaka 1877 na mtu mwingine, ilichukua jina lake kwa heshima tu, naye hakuwahi kuwa na hisa ndani yake. Noti za dola zinazotumika leo zinategemea uhalali uliotolewa na hukumu ya 1871, ile aliyoipinga.